Waliolipa 26, wasiolipa 14: niondoke nao au nivunje safari?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari moja ya kutwa hapa Manispaa ya Tabora. Jina langu na la shule naomba uyahifadhi. Nina mke na watoto wawili, na mwaka huu natimiza miaka 11 kazini. Naandika usiku, umeme umekatika, namulika kwa tochi ya simu. Ukikuta maneno yamerukana unisamehe.

Shuleni nina klabu ya historia. Ilianza na watoto tisa, sasa wako 40, wa kidato cha pili hadi cha nne. Jumamosi tunatembea kwa miguu. Tumeshakwenda Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, tumeliona Boma la Wajerumani kwa nje, tumesimama chini ya miembe ambayo wazee wanasema imeanzia enzi za misafara. Novemba iliyopita, msimu wa maembe, tumekaa kivulini Kwihara midomo imejaa utomvu, mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, hii njia ya wapagazi ilikuwa inaishia wapi?" Nikajibu Bagamoyo, halafu mashua hadi Unguja. Akasema, "Basi twende tukaone inapoishia." Wenzake wakashangilia. Na mimi nikasema, "Tutakwenda." Neno hilo moja, Mshauri, ndilo lililonifikisha hapa.

Nilimpata wakala wa safari wa Dar es Salaam kwa simu. Akanipangia siku sita: basi la kukodi kutoka Tabora, kulala Dodoma, siku moja Bagamoyo, boti hadi Unguja, Mji Mkongwe, kisha kurudi. Mpango wenyewe nimekuambatanishia. Bei ni sh. 320,000 kwa mwanafunzi, kwa hesabu ya watu 40, tuondoke likizo ya mwezi wa sita. Mkuu wa shule alilipokea wazo kwa furaha akalipeleka kwenye bodi, na barua ya kuomba kibali tukaiandika. Wazazi tuliwapa miezi mitano walipe kidogo kidogo.

Leo waliomaliza ni 26. Hao 14 wengine wamelipa nusu, au robo, au hawajatoa hata shilingi. Wakala anataka nusu ya fedha yote ifikapo tarehe 15 mwezi wa tano, na amesema wazi kwamba hiyo ikishaingia hairudi.

Katika hao 14 yumo binti wa kidato cha tatu anayekaa mtaa wa Ng'ambo hapa mjini. Ndiye aliyeuliza lile swali la Kwihara. Ndiye akisimama kuwaeleza wenzake habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani mpaka akafa mwaka 1893, hata wavulana wa nyuma wananyamaza. Analelewa na bibi yake anayeuza dagaa wa Kigoma na karanga. Wiki mbili zilizopita bibi alikuja shuleni. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, akafungua fundo kwenye pindo la khanga, akaanza kuhesabu noti za elfu mbili mbili na za elfu moja moja zikinuka dagaa. Zilikuwa 45,000. Akasema, "Mwalimu, hii ya kwanza. Karanga zikitoka shamba nitaleta nyingine." Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, "Hivi huko Bagamoyo kuna nini ambacho hapa hakipo?" Nikajibu kuna historia. Akanitazama. "Na hapa?" Nikakosa la kusema. Siku hiyo mhasibu hakuwepo, fedha nikaitia kwenye bahasha, mpaka leo iko nyumbani kwenye kabati la vyombo.

Mkuu wa shule anasema twende na waliolipa. "Mwalimu, hata kwenye daladala anapanda mwenye nauli." Anataka picha za safari zibandikwe kabla ya mahafali ya kidato cha nne. Mwenzangu wa Jiografia anasema nivunje kila kitu kabla sijatafutiwa makosa.

Sasa naomba niseme na lililo baya. Wakala amenidokeza kwamba kila wanafunzi 15 wanaolipa kuna nafasi moja ya bure, na juu ya hapo atanitumia mimi sh. 10,000 kwa kila kichwa, "soda ya mwalimu". Kwa watoto 40 ni 400,000. Sijamwambia mtu, hata mke wangu. Nimewaza fedha hiyo nimmalizie yule binti kimya kimya, inayobaki niwaongezee wengine wawili. Nikiwaza hivyo najiona mtu mwema. Nikigeuka upande wa pili wa kitanda najiona mwizi.

Na jambo jingine dogo. Mimi mwenyewe sijawahi kuiona bahari. Bagamoyo nimeifundisha miaka 11 kutoka kitabuni. Najua halihusiani, ila nimeliandika.

Nifanyeje, Mshauri? Niende na 26, nivunje, au niwatafutie mahali pa karibu tukaende sote?

Mwalimu, Tabora

*

Marahaba, mwalimu wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye lile benchi nje ya ofisi ya walimu. Mimi ni mtu wa Ujiji, nimesoma Tabora, nimefundisha huko na huko mpaka nikastaafu, kwa hiyo harufu ya noti zilizolala na dagaa naijua. Ulivyoandika inaonekana hata wewe hujaondoka kwenye benchi lile.

Unaniuliza uende, uvunje au ubadilishe. Kwa ninavyokusoma, ulitoa ahadi kwa moyo mweupe, watoto wakaishika, na sasa ahadi imekutana na mifuko ya wazazi. Katikati yake kuna binti mmoja unayemwona kama ndiye mwenye safari, na kuna fedha ya pembeni inayokunyima usingizi. Mambo haya umeyafunga fundo moja. Nadhani kila moja lina kamba yake, tuyafungue polepole.

Nianze na soda, maana ndiyo inayowaka. Nafasi ya bure kwa kiongozi wa kundi ni jambo la kawaida katika biashara ya safari, wala si dhambi kwamba ipo. Lakini haikuanguka kutoka mbinguni. Imo ndani ya ile 320,000. Na zile 10,000 za kila kichwa nazo zimo humo humo. Yaani kama bibi wa Ng'ambo angefikisha fedha yote, elfu kumi yake ingezunguka Dar es Salaam na kurudi Tabora kwenye simu yako. Nawe ukimlipia mjukuu wake kwa fedha hiyo, bibi atakuwa amechangia sadaka anayopewa mwenyewe, na atakushukuru.

Sikuiti mwizi. Mwizi haandiki barua. Ila wewe ni mtumishi wa umma, na siku jambo kama hili likiibuka, TAKUKURU, watu wa kuzuia rushwa, hawataanza kwa kuuliza ulikuwa na nia gani. Umewahi kufikiria kumwambia wakala kwamba hiyo 10,000 aitoe kwenye bei, kila mtoto alipe 310,000, na zile nafasi za bure ziandikwe kwenye karatasi wazazi waione? Hatari zake ni kwamba wakala anaweza kununa, na mkuu wako anaweza kuuliza mbona hukusema mapema. Hatari za kukaa kimya unazijua, maana ndizo zinazokugeuza kitandani.

Halafu hesabu. Hapa naomba uchukue kalamu.

Mkuu wa shule anasema twende na waliolipa. Amesahau kwamba hao 26 bado hawajalipa safari ya watu 26. Wamelipa mafungu 26 ya safari ya watu 40. Mwambie wakala akuvunjie ile 320,000 vipande vipande. Kuna kinachokwenda kwa kichwa: chakula, nauli ya boti, viingilio, kitanda. Na kuna kisichojali vichwa: basi, madereva na mafuta. Tuseme basi peke yake ni milioni tano na laki mbili, nakisia tu. Watu 40 kila mmoja anabeba 130,000. Wakiwa 26 kila mmoja anabeba 200,000. Hiyo elfu sabini ya juu ataitoa nani, na utamwambiaje mzazi ambaye tayari ana risiti ya kumaliza? Hata nafasi za bure zinapungua: kwa 40 ulikuwa nazo mbili, kwa 26 unabaki na moja. Na basi lenye wasichana haliondoki na mwalimu mmoja wa kiume, lazima awepo mwalimu wa kike. Kwa hiyo wale 14 si watu waliobaki nyuma ya basi tu. Ndio walioishikilia bei.

Inawezekana wakala ana basi dogo, na hesabu ikakaa sawa. Muulize. Lakini muulize kabla ya tarehe 15.

Jambo jingine nimelikuta kwenye sentensi yako moja fupi: barua ya kuomba kibali "tukaiandika". Hukusema ilijibiwa. Shule yako inaonekana ni ya serikali, na tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 kila mchango unaomgusa mzazi unaangaliwa kwa jicho kali. Kabla fedha ya watu haijavuka kwenda mahali isikorudi, karatasi yenye muhuri wa ofisi ya elimu iwe mkononi mwako. Bila hiyo, mwenzako wa Jiografia si mwoga, anaona mbali.

Tuje kwa binti.

Nimeelewa kwa nini unamtaka aende. Kila mwalimu anaye mmoja wa hivyo, na asiyewahi kuwa naye hajafundisha. Lakini nikuulize kama mama: mwalimu wa kiume amemlipia msichana mmoja wa kidato cha tatu, kwa siri, mke wake hajui, wakasafiri siku sita. Sentensi hiyo akiisema mtu mwingine, pale kijiweni au kwenye foleni ya maji, inasikikaje? Wewe unajua moyo wako. Mji haujui. Na atakayebeba maneno hayo mazito kuliko wote ni yeye, si wewe. Siri ulidhani inamfunika, nami naogopa itamwanika.

Tena umeamua kwamba bibi hawezi. Mbona yeye hakusema hawezi? Alisema "hii ya kwanza". Mwanamke huyo ana mpango, na mpango wake unafuata karanga, haufuati kalenda ya wakala. Wewe ni mtu wa Tabora, unajua fedha huku inakuja na nini. Karanga ndiyo kwanza zinang'olewa, tumbaku inasubiri masoko, na asali ina misimu yake. Tarehe 15 mwezi wa tano imewekwa na mtu ambaye hajui shamba. Huenda katika wale 14 wako watano au sita ambao si maskini wa kushindwa, ila fedha yao bado imo ardhini.

Na binti mwenyewe umemuuliza? Umemwuliza kama angependa kwenda huku jirani yake wa dawati amebaki? Watoto wana heshima ya ajabu, mara nyingine wanatushinda.

Kama ni kusaidiana, ziko njia zisizo za gizani. Zile nafasi za bure zinaweza kuwa za klabu, si za mwalimu wala za mkuu, na klabu yenyewe ikakaa na kuamua zigawanywe vipi. Zinaweza kuuzwa kama fungu na punguzo likaenda kwa wote 40. Mnaweza kuuza asali kwenye vichupa kwa wasafiri pale stendi. Kila moja ina miiba yake. Watoto wakiamua wenyewe wanaweza kuumizana, na anayepewa hadharani anaweza kuona aibu kuliko aliyekosa. Asali nayo inataka mtu mzima wa kuisimamia, na mtu mzima huyo utakuwa wewe, mwenye vipindi na madaftari ya kusahihisha.

Sasa swali lako la mahali pa karibu. Hapa nitaongea kwa upendeleo, maana nimeshakwambia mimi ni wa wapi.

Mtoto aliuliza njia inaishia wapi, ukamjibu Bagamoyo. Mwalimu, njia ile ina ncha mbili. Ya pili ni Ujiji. Kutoka Tabora ni kilomita 400 hivi kwa reli, unapanda treni unalala, unaamka unaliona ziwa. Pale Ujiji kuna mnara wa kumbukumbu mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na hao wawili ndio hao hao waliokuja pamoja mpaka kwenye tembe lenu la Kwihara. Kigoma kuna stesheni ya Wajerumani mwisho wa reli iliyofika mwaka 1914. Kuna habari za Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916 isichukuliwe na adui, ikaopolewa na kurudi majini mwaka 1927. Na kuna Kibirizi, ambako dagaa wanashushwa. Mpeleke mjukuu wa muuza dagaa akaone dagaa wa bibi yake wanaanzia wapi, uone kama atahitaji wewe umfafanulie.

Lakini nisikudanganye kwa mapenzi ya nyumbani. Watoto waliahidiwa bahari. Ukiwapa ziwa, wako watakaosema mwalimu ametugeuka, na wazazi 26 wana haki ya kudai fedha yao irudi yote, siku hiyo hiyo. Kama shule imeshagusa hata kidogo ya fedha hiyo kwa kazi nyingine, ndipo utakapojua. Na Ujiji si Mji Mkongwe. Hakuna barabara nzima ya nyumba zenye milango ya nakshi, wala hakuna kusimama ndani ya kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kuna mambo mtoto akiyasimamia kwa miguu yake hayasahau tena, na hilo ni moja. Mkuu wako, pamoja na haraka yake ya picha, hakukosea kutaka watoto wa kutwa wa Tabora walione.

Kuna na njia za katikati. Bagamoyo bila Unguja inapunguza boti na malazi yake, na inaendana na swali la mtoto vizuri tu. Hasara yake ni kwamba kwa watoto wengi boti ndiyo safari yenyewe, ingawa kwa watu wa bara saa mbili za kwenda baharini nusu yao watazitumia kutapika. Au msogeze mpaka Desemba, mavuno yakishauzwa. Hapo kidato cha nne watakuwa wamemaliza na kutawanyika, na fedha iliyokaa, mwalimu, huota miguu. Ukisogeza, kila mzazi awe na risiti, na akaunti isiwe ya mtu mmoja.

Chochote mtakachochagua, usalama usiupitie haraka. Kutoka kwenu mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Mwezi wa tano mwaka 2017, Karatu, watoto 32 wa shule, walimu wao wawili na dereva hawakurudi kutoka safari fupi kuliko hiyo mara nyingi. Nchi nzima ilizika siku ile. Sikutishi. Nakuambia uulize kuhusu madereva wawili, uulize basi lina mikanda ngapi inayofunga, usikubali kusafiri usiku hata wakala akikuambia siku hizi usiku ruksa. Na hesabu vichwa. Mimi zamani niliwapeleka wanafunzi Kigoma kwa treni, nikahesabu Tabora, nikahesabu Urambo, Kaliua nikasinzia. Mtoto mmoja alishuka kununua asali, treni ikaondoka. Tulimpata siku ya pili, ameshiba, anacheka, ameshazoeana na familia ya mfanyakazi mmoja wa stesheni. Mimi nilikuwa nimekonda.

Mpango wa wakala nimeuangalia. Ameandika mtaingia Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la sultani pale Mji Mkongwe. Sehemu ya jumba hilo ilianguka Desemba 2020. Mwulize lini mara ya mwisho yeye mwenyewe alipeleka watu wakaingia ndani. Jibu lake litakuonyesha kama anaijua Unguja au ananakili mipango ya watu.

Nimeliacha la bahari mwisho, kwa sababu wewe uliliacha mwisho ukasema halihusiani.

Mwalimu, linahusiana. Miaka 11 unawasimulia watoto mji ambao hujawahi kuukanyaga. Si aibu hata kidogo. Walimu wangapi wa Jiografia wamewahi kuona barafu? Lakini mtu mwenye kiu akiwaongoza wenye kiu, kuna wakati hajui anakimbilia kisima kwa ajili ya nani. Nilipokuwa nasoma nilijiuliza: ule usiku unapowaza "tusivunje", ni sauti ya binti, au ni ya kijana aliyeanza kazi miaka 11 iliyopita akaahidi nafsi yake kwamba siku moja? Sina jibu. Unaweza kulijua wewe tu. Hata kama ni ya kijana yule, mimi simlaumu. Naye anastahili kuiona bahari.

Ila huenda asingoje basi la watoto. Mkipatana na mke wako, ukajibana, ukapanda treni peke yako likizo ijayo, ukashuka Dar es Salaam, ukachukua gari mpaka Bagamoyo, wala si mbali, ukatembea kwa miguu kutoka mjini hadi magofu ya Kaole ukijipimia muda, ukauliza bei ya kiingilio kwa kinywa chako, ukaona choo cha wasichana kiko wapi, hiyo inaitwa kukagua safari. Viongozi wengi wa makundi wanairuka. Inagharimu, ndiyo, na nyumbani kwako kuna watoto wawili wanaokula kila siku, kwa hiyo sisemi ni jambo jepesi. Nasema tu kwamba ukishaiona, utakapokaa na wale 40 kuamua waende wapi na lini, utakuwa unaamua kwa ajili yao peke yao.

Na kukaa nao kaa nao. Uwaambie hesabu yote, ya basi na ya soda. Watoto waliotembea mpaka Kwihara kwa miguu wanaweza kuhesabu. Wakisema tusubiriane, sawa. Wakisema twende Ujiji sote, sawa. Wakisema waliolipa waende, nalo lisikilize, maana wazazi wa wale 26 nao walijinyima.

Bahasha ya bibi bado iko kwenye kabati la vyombo? Elfu arobaini na tano bila risiti ni mzigo mzito kuliko inavyoonekana, hasa ikilala karibu na soda. Ipeleke kwa mhasibu, uandikiwe risiti, kisha jioni risiti hiyo umpelekee bibi mwenyewe Ng'ambo, pale anapouzia. Nadhani atakuuliza tena Bagamoyo kuna nini. Usimjibu historia. Mwambie kuhusu wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka hapa na pembe za ndovu begani, na jinsi Burton na Speke, wale wapelelezi wa Kiingereza, walivyotoka pwani mwezi wa sita mwaka 1857 wakafika hapa Tabora, enzi hizo ikiitwa Kazeh, mwezi wa kumi na moja, njia hiyo hiyo. Mwambie kuhusu Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao, waliobeba maiti ya Livingstone kutoka alikofia mwaka 1873, wakapita nayo Unyanyembe, wakaifikisha Bagamoyo mwezi wa pili mwaka 1874. Halafu nyamaza, umsikilize yeye. Mwanamke wa Tabora wa umri ule huenda babu yake alikuwa na ya kusimulia kuhusu njia hiyo.

Niandikie alichosema.